Karatasi Haiui Mtu

Mara ya tatu Fundi alipoingia ofisi ya shule ile, karani hakumwambia hata karibu. Alimtazama kwa juu ya miwani, akawatazama na wale wasichana wawili waliosimama nyuma yake wameshikana mikono, akashusha pumzi kama mtu aliyetwikwa mzigo usio wake.

"Mama, si tulishaongea? Katikati ya mwaka hatupokei mtoto bila barua ya uhamisho."

"Shule waliyotoka haitoi barua mpaka aje mzazi. Na mzazi ndiyo hivyo. Sasa barua nitaipata wapi, baba? Niishone?"

Karani alicheka kidogo, kwa pua. Alimjua. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na nusu ya watoto waliokuwa wakipiga kelele nje ya dirisha lile walivaa sketi na kaptula zilizopita chini ya sindano yake. Fundi alijua kiuno cha kila mmoja na nani anakojoa kitandani, maana sare hazina siri. Lakini watoto aliokuja nao yeye, wa nyumbani kwake mwenyewe, walikuwa wiki ya tatu hawana darasa. Asubuhi wenzao wakipita na mabegi, yule mdogo alipanda juu ya kiti cha cherehani awachungulie, na yule mkubwa alimvuta gauni ashuke. Fundi aliliona hilo kila siku, na kila siku lilimchoma kama sindano iliyoingia chini ya ukucha. Mwenye kushona anajua, maumivu hayo si ya kusimuliwa.

"Hebu watoto wasubiri nje," karani akasema, akavuta fomu. Alikuwa amechoka naye, ndiyo maana akavuta fomu. "Tuone. Baba mzazi?"

"Hajulikani."

"Mama mzazi?"

Nyuma ya Fundi, kwenye benchi, walikaa wanawake wawili waliokuja kwa shida zao. Mmoja Fundi aliwahi kumshonea gauni la harusi ya shemeji yake, na masikio ya mwanamke huyo yalijulikana: neno likiingia upande mmoja, halitoki upande wa pili, linatokea mdomoni. Fundi alijua hivyo. Akainamisha kichwa akasema kwa sauti ya chini:

"Hayupo."

Kalamu ya karani ikasita hewani. "Hayupo, hayupo vipi? Hayupo hapa, au hayupo duniani?"

Fundi akafungua mdomo. Neno "jela" lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, lakini likakwama kama zipu mbovu.

"Maana yatima wana nafasi zao," karani akaendelea, naye sasa ameshusha sauti. "Kuna wafadhili. Hao hawadaiwi barua ya uhamisho." Alisubiri kidogo. "Basi, mama. Nimekuelewa. Pole sana."

Akaandika. Fundi hakusoma sana, darasa la saba tu, lakini neno lile hata kichwa chini angelisoma: *Marehemu.*

"Lakini, baba..."

"Lakini nini tena? Unataka watoto wasome au hutaki?" Karani aliigeuza fomu, akaweka kidole pa kutia sahihi. "Karatasi haiui mtu, mama. Weka jina hapo."

Fundi akaweka.

Nje, yule mdogo alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. Mkubwa alimtazama Fundi usoni, kama anavyomtazama kila mtu mzima, kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Jumatatu mnaanza."

"Bila barua?"

"Bila barua," Fundi akasema, akatangulia mbele ili asitazamwe.

Watoto hao hakuwazaa. Yeye na mumewe, mlinzi wa usiku kwenye duka la mabati, walikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa na hakuna mtu aliyewahi kulia ndani ya nyumba ile isipokuwa wao wenyewe. Aliyewaleta wasichana ni afisa ustawi, mwanamke mnene mwenye faili kila kwapa, na aliwaleta wakae mpaka mama yao amalize kifungo. Mama yao alikuwa mfanyakazi wa ndani, akachukua kitu cha tajiri wake. Kitu gani, afisa hakusema, na Fundi hakuuliza.

"Huyu mdogo hana neno," afisa alisema siku ile, wamesimama mlangoni. "Atakuita mama kabla hajamaliza chai. Wa kumwangalia ni mkubwa. Bibi yao alipofariki, watu wazima walimwambia amehamishiwa hospitali kubwa. Basi wiki tatu mtoto anamwekea bibi yake chakula, asubuhi anakimwaga. Siku alipojua, hakulia. Alinyamaza tu. Kwa hiyo, dada yangu, nakuomba jambo moja. Usimdanganye. Hata kwa wema. Hasa kwa wema."

"Mimi? Nimdanganye ili nipate nini?" Fundi akasema, na akamaanisha.

Mumewe ndiye aliyewapa majina ya nyumbani. Mdogo, wa miaka saba, alimwita Chiriku kwa domo lake lisilopoa. Mwenzake, wa miaka kumi na moja, akawa Mkubwa tu, kwa sababu hata utani ulimteleza. Na kweli Chiriku aliita "mama" chai ikiwa nusu kikombe. Siku ile ile ya kwanza alikuta kopo la vifungo chini ya cherehani, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, unavyo vingi! Mama yetu naye amepewa kifungo. Chake ni rangi gani?"

Mlinzi alicheka mpaka chai ikampalia. Halafu akamwona Mkubwa, akaweka kikombe chini.

"Si hicho, wewe," Mkubwa akamwambia mdogo wake. "Nyamaza."

Lakini baadaye, Fundi akiwa anapinda ukingo wa pazia, Mkubwa alikuja akasimama kando ya cherehani mikono nyuma. "Fundi, naomba vifungo tisa."

"Vya nini, mwanangu?"

"Vya miezi. Imebaki tisa."

Alichagua vyeupe vya shati, vya matundu manne, akavitunga kwenye uzi na kuufunga kwenye chaga ya kitanda. Tangu hapo, kila mwezi ulipokwisha alikata kimoja, akakileta, akakidondosha ndani ya kopo. "Nimerudisha," alikuwa akisema, kama mtu aliyeazima chumvi kwa jirani. Hakuwahi kumwita mama. Alimwita Fundi, kama wateja. Na Fundi, aliyeitwa hivyo na watu elfu, aliumia kuitwa hivyo na mmoja.

Haikuwa rahisi kuwaingiza watoto wale shuleni, maana kuandikishwa ni jambo moja na kuzoea ni lingine. Fundi aliwashonea sare kwa kitambaa kile kile cha wenzao, asitake hata rangi ipishane. Wiki ya kwanza aliwasindikiza mpaka getini. Akaongea na mwalimu wa darasa la tano amkalishe Mkubwa mbele, karibu na mtoto mpole. Kila jioni aliuliza, "Leo umekaa na nani?" na kila jioni alijibiwa, "Na ukuta."

Halafu siku moja Mkubwa akauliza yeye. "Wananiuliza mama yangu yuko wapi. Niseme nini?"

Fundi akasimamisha mguu kwenye kikanyagio. Alifikiri haraka, na mtu anayefikiri haraka hushika kilicho karibu. "Sema hayupo. Basi. Wakizidi kuuliza, hayupo ni hayupo."

Mkubwa alilitafuna lile neno. "Hayupo kweli," akasema mwishowe. "Si uongo."

"Si uongo hata kidogo."

Na dawa ikakubali! Alisema hayupo, wenzake wakaelewa walivyoelewa, wakaacha kumsakama. Kuna aliyempa nusu ya andazi. Binti wa muuza maji akaanza kumpitia asubuhi, akisimama uwanjani akiita, "Shoga, tunachelewa!" na Mkubwa akitoka mbio na kiatu kimoja mkononi. Mtihani wa katikati ya muhula alikuwa wa sita kati ya watoto themanini na wawili. Alikuja na daftari, hakusema kitu, akaliweka wazi juu ya kitambaa Fundi alichokuwa anakata. Siku nyingine Fundi alisikia sauti chumbani asiyoijua, akasimamisha cherehani asikilize. Alikuwa Mkubwa anacheka.

"Umeona?" Mlinzi alimwambia, anafunga kamba za buti aende lindoni. "Nilikwambia mtoto ni kama kitambaa kipya. Kinakataa mwanzoni, kikifuliwa kinalala."

"Ile fomu inanikera, baba. Nataka niende kwa karani airekebishe."

"Sasa hivi? Watoto ndiyo kwanza wametulia, wewe unataka kufukua? Waache wazoee. Utakwenda muhula ujao."

Muhula ujao. Fundi alijua kwamba doa likikaa, hata sabuni gani haiondoi, alikuwa akiwaambia wateja hivyo kila siku. Lakini nyumba ilikuwa na kicheko. Nani angependa kukifukuza?

Kwenye uzi vilibaki vifungo vitano siku Fundi alipopeleka shuleni furushi la sketi walizoagiza. Aliwakuta watoto wote mstarini. Mbele, juu ya meza, kulikuwa na maboksi ya viatu, na pembeni wageni wawili wamekaa kwenye viti vya ofisi. Fundi akashusha furushi lake barazani, akajifuta jasho. Aliona kisogo cha Mkubwa mstari wa darasa la tano, nywele zimesukwa vizuri. Fundi alimsuka mwenyewe, jana yake.

"Watoto wetu hawa," mwalimu mkuu alikuwa anasema, "wamefiwa na mama zao. Nikikusoma, njoo mbele, wafadhili wakuone. Usione haya, mwanangu, kufiwa si aibu."

Akaanza kusoma kwenye karatasi. Wa kwanza akatoka, wa pili akatoka. Fundi alijua kabla majina hayajafika. Halafu yakafika, yote mawili, moja baada ya lingine.

Chiriku alitoka mbio. Yeye aliona viatu tu. Alikaa chini, akatia mguu wa kulia, ukaenea, akauinua juu watu wauone, na watoto wadogo wakampigia makofi.

Mkubwa hakutoka. Mwalimu mkuu akamsoma tena. Binti wa muuza maji akamsukuma polepole begani. "Nenda, shoga. Ni wewe."

"Lini?" Mkubwa akauliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, lakini uwanja ulikuwa kimya, kila mtu akasikia.

"Unasemaje, binti?"

"Amekufa lini?"

Mwalimu mkuu akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma, kama tarehe ingeweza kuwa kule. "Hapa... hapa imeandikwa marehemu tu. Kwani nyumbani hawajakwambia?"

Ndipo Mkubwa alipogeuka. Hakuna aliyemwambia kuwa Fundi yuko barazani, lakini alimgeukia yeye moja kwa moja. Hakuwa na hasira usoni. Afadhali angekuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akingoja jambo kwa muda mrefu, na sasa limefika.

"Hajafa!" Fundi akapiga kelele. Alishuka ngazi hata hajui ameshukaje, sketi zimetawanyika nyuma yake. "Hajafa, mwanangu! Yuko hai! Mwalimu, mama yao hajafa, yuko jela! Yuko jela tu!"

Neno likitoka halina mkia wa kulivutia. Uwanja mzima ulivuta pumzi kwa pamoja, halafu nyuma, mstari wa wavulana wakubwa, mtu akacheka. Kicheko kikaenda mstari kwa mstari kama moto kwenye nyasi kavu. Binti wa muuza maji, mkono wake ulikuwa bado begani kwa Mkubwa. Akauondoa. Hakuuondoa kwa ubaya. Aliuondoa tu, akaushika mkono wake mwenyewe.

Karani alikuwa mlangoni pa ofisi. Alipokutana macho na Fundi, aliingia ndani.

Mmoja wa wageni alimnong'oneza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akamwinamia Chiriku, amejaa haya hata kwa niaba ya watu wengine. "Vua basi, mama. Hivyo ni vya wenzako waliofiwa."

"Mimi vimenienea," Chiriku akasema.

"Najua. Vua."

Tangu siku hiyo, kila Mkubwa alipoingia darasani, kuna aliyesema, "Ficheni kalamu, mtoto wa mwizi huyo." Wengine walifanya kweli, wakazikalia. Mwalimu aliwachapa wawili, na hilo likazidisha. Binti wa muuza maji hakupita tena asubuhi. Mama yake alimkataza, na alikuja mwenyewe kumwambia Fundi, kiungwana kabisa, akiwa na kitambaa cha kushonesha mkononi. "Usinielewe vibaya, shoga yangu. Mimi sina neno na watoto. Lakini wewe ulisema uongo kwenye karatasi ya serikali. Kesho utatuambia nini tena?"

Afisa ustawi alikuja na faili moja tu safari hii. Alikaa, akakataa chai.

"Nilikuomba jambo moja, dada."

"Nilitaka wasome."

"Wote wanataka wasome." Afisa alifumba macho. "Ningekuwa na pa kuwapeleka, ningewahamisha leo. Sina. Kwa hiyo utarekebisha ulichoharibu, wewe mwenyewe."

"Nitakirekebishaje? Ananijibu ndiyo, hapana, sawa. Namwambia mama yako yu hai, ananijibu sawa. Namwapia, sawa."

"Siku ya kuwaona wafungwa ni Jumamosi," afisa akasema. "Mpeleke amwone kwa macho yake."

Fundi alilipokea neno hilo kama maji ya kunywa. Lo, mbona hakuliwaza mwenyewe! Jioni alimwambia Mkubwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mstarini, mtoto aliinua macho.

"Kumwona yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Muongee mpaka mchoke."

Ijumaa Mkubwa alifua sare yake mara mbili. Fundi alimwambia avae gauni lile la maua, akakataa. "Hajaniona na hii," alisema. Akatia kwenye mfuko wa plastiki lile daftari la mtihani, wa sita kati ya themanini na wawili. Chiriku aliachwa na Mlinzi, akilia na kumtuma dada yake amwambie mama kwamba jino limeng'oka, na kwamba viatu vilimwenea.

Gereza lilikuwa mbali, na foleni ya getini ilikuwa ndefu kuliko safari. Wanawake walisimama na vikapu vya sabuni, wengine na watoto mgongoni, hakuna aliyeuliza mwenzake amekuja kwa nani. Mkubwa alisimama wima, sare yake imenyooka, daftari kifuani. Mara moja tu aliongea. "Atakuwa amekonda?"

"Kidogo labda. Utamjua tu."

Zamu yao ilipofika, askari wa kike aliyekaa nyuma ya meza aliuliza jina. Mkubwa alilitaja yeye, kwa sauti, jina zima la mama yake. Askari alishusha kidole kwenye orodha. Akafungua ukurasa wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Hayupo," akasema.

Fundi akashika ukingo wa meza. "Afande, sema vizuri, nakuomba. Hayupo vipi?"

"Hayupo hapa. Kahamishwa. Kuna kundi liliondoka wiki iliyopita."

"Kahamishiwa wapi?"

"Hilo si la getini, mama. Andika barua, utajibiwa."

"Basi mwambie huyu mtoto. Neno moja tu. Mwambie mama yako yu hai, kahamishwa, ndiyo basi."

Askari alimtazama Mkubwa, sare, daftari. Hakuwa mtu mbaya. Huruma ilimpita usoni kidogo, halafu akaitazama foleni. "Mama, mimi nasoma orodha. Aliyemo namwita, asiyemo simwiti. Siwezi kumwapia mtoto juu ya mtu nisiyemwona. Karatasi inasema kahamishwa. Anayefuata!"

Wakatoka. Nje ya ukuta palikuwa na jiwe, Fundi akakaa, akamvuta mtoto mbele yake, akamshika mabega yote mawili.

"Umesikia kwa masikio yako, mwanangu? Hakusema amekufa. Amesema kahamishwa."

"Nimesikia," Mkubwa akasema, taratibu, kama anayemliwaza mtu mzima. "Na bibi alihamishwa."

Afisa aliulizia, akathibitisha. Ni kweli kulikuwa na uhamisho, gereza la wanawake la mbali, safari ya siku mbili. Barua ingekwenda, jibu lingerudi, mwezi mmoja au miwili au mitatu, kutegemea. Fundi alimweleza Mkubwa yote hayo, moja moja, bila kuongeza wala kupunguza.

"Sawa," Mkubwa akasema.

Akawa mtoto mzuri. Majirani walimsifu. Aliamka mwenyewe, akafagia, akamvalisha mdogo wake, akaenda shule, akarudi. Akitukanwa hakujibu. Mwalimu wa darasa la tano alimwambia Fundi kwamba mtoto sasa ametulia kabisa, hamsumbui mtu. Mtihani uliofuata alikuwa wa sabini na moja.

Jioni moja alikuja na shati limepasuka kifuani, kifungo kimoja hakipo. Hakueleza, na Fundi hakumlazimisha. Alimwambia alivue, akavuta taa ya cherehani karibu, akatia uzi. Mlinzi alikuwa mlangoni anafunga kamba za buti. Chiriku alikuwa chini anapanga mabaki ya vitambaa.

Mkubwa aliingia chumbani, akatoka. Mkononi alikuwa na uzi na vile vifungo vitano. Alivichomoa vyote juu ya kopo, vikaanguka kimoja kimoja.

"Nimerudisha," akasema.

"Mbona vyote?" Fundi akauliza, sindano imesimama hewani. "Bado miezi mitano, mwanangu. Wa kwanza hata haujaisha."

"Havina kazi." Akausogeza mkono wake, akalikung'uta kopo kidogo, kama alivyomwona Fundi akifanya akitafuta kifungo. "Shona chochote tu, mama."

Akaenda kumwogesha mdogo wake.

Mlinzi alisimama, buti moja imefungwa na moja bado. Uso wote ulikuwa umemjaa tabasamu. "Umesikia?" alinong'ona. "Mke wangu, umesikia? Amekuita mama! Si ndicho ulichokuwa unakililia miaka yote?"

Fundi alikuwa ameinamia kopo, anachambua kwa kidole, vyeupe huku, vya rangi kule. Vyeupe vya matundu manne vilikuwa vingi, kumi, ishirini, thelathini. Alivigeuza, akavileta karibu na taa, akavinusa hata. Ushonaji wake wote, miaka yote ile, na hakuweza tena kujua vile vitano ni vipi.